Boti Tuliyoipaka Rangi Juu ya Kutu

Mwaka ambao karakana yetu ya serikali ilitangazwa kuuzwa, tuliletewa boti ya chuma kutoka bwawa moja nje ya mji wa Morogoro. Wapimaji waliitumia kupima tope lililoshuka bwawani kila mvua iliponyesha milimani Uluguru.

Fundi mkuu alikuwa Mluguru mtu mzima, wa maneno machache. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipotoka chuo, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Tuliipindua boti, akapita akiigonga tumboni kwa nyundo ndogo. Palipokuwa pazima palilia. Palipoliwa na kutu palitoa sauti ya kopo tupu.

"Unasikia, binti? Hapa pamebaki ganda. Tukwangue mpaka chuma kiwe cheupe, tuchomelee viraka, ndipo tupake. Na vile vipande vya madini vinavyofungwa tumboni ili viliwe na kutu badala ya chuma cha boti vimekwisha. Tufunge vipya."

Siku ya tatu tukiwa bado tunakwangua, meneja akaja. Wanunuzi wangekagua karakana Jumatatu, naye alitaka boti iwe imekwisha.

"Pakeni tu," alisema.

"Kupaka juu ya kutu ni kuificha," fundi alimjibu. "Mimi sipaki."

Akaweka brashi ya waya mezani, akanawa mikono, akaondoka. Meneja akanigeukia. Nyumbani nilikuwa na watoto wawili na mama asiyeweza tena kulima, na orodha ya watu wa kupunguzwa kazini ilikuwa ikiandikwa. Nikafungua kopo. Ilikuwa rangi ya bluu kutoka nje, kama zile zilizojaa madukani siku hizo. Ilipokauka, hata mimi niliipenda.

Fundi aliondolewa na orodha ya kwanza. Mimi niliondolewa na ya pili, kabla wanunuzi hawajabadili hata kufuli la geti.

Masika yaliyofuata, boti ilitoboka ikiwa katikati ya bwawa. Wapimaji wawili waliogelea mpaka ukingoni. Wa tatu hakujua kuogelea. Alikuwa kijana mpole. Siku walipoileta boti ndiye aliyenisaidia kuipindua.

Baada ya mazishi nilipanda milimani kumtafuta fundi. Nilimkuta akipalilia kabichi mtelemkoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za mjini?"

Nikamweleza yote. Alichomeka jembe lake ardhini.

"Ningebaki siku ile, ningekuzuia," alisema. "Nami nilijiondokea zangu."

Nilikuwa nimepanda mlima wote ule nikitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alinifungia kabichi mbili, akanisindikiza mpaka njia panda.

Kwa mjane wa yule kijana sijafika mpaka leo. Mara mbili nimefika mtaani kwao, nikaiona nyumba, nikageuza.