Kofia Iliyoitwa Emanikor

Siku ya pili ya safari, mtu aliiita kofia yangu kwa jina.

“Emanikor! Ejok!”

Nikasimama. Ejok ni salamu yetu Waturkana. Emanikor ni kaka yangu, na tulimzika miaka miwili iliyopita.

“Nani anaita?” nikamuuliza Sally, binti wa jirani.

“Wapi, nyanya? Mimi naona mbuzi tu.”

Wacha nianze na kofia yenyewe. Kanisa letu la Kanamkemer lilipanga matembezi, Lodwar hadi Kakuma, siku nne kwa miguu. Nikaenda sokoni kwa Estelle, Mkongomani anayeuza mitumba.

Kepu nikakataa, inaacha shingo iungue. Ya majani? Upepo wa huku ungeifikisha Kataboi, kule ziwani, kabla sijafunga kamba.

“Mama, unaenda na miguu?” Estelle akauliza. Akainama chini ya meza, akatoa kofia ya turubai yenye ukingo mpana na kamba ya kidevuni. “Basi beba hii. Sitaki pesa.”

Ilinikaa kama niliyopimiwa. Ilinuka tumbaku kidogo. Nikashukuru tu.

Sasa, baada ya ile sauti, nikaivua.

Jasho lilikuwa limebandua kitambaa cha ndani. Chini yake, kiraka cha ngozi ya mbuzi, uzi mwekundu.

Mshono wangu mwenyewe, niliomshonea Emanikor.

Emanikor aliuawa na jua kwenye barabara hii hii. Alipatikana kichwa wazi. Rafiki yake Lochakapong, aliyekuwa akitembea naye, alituambia, “Kofia alimpa mama mmoja njiani.”

Tukamcheka. Mwanaume wa Kiturkana, ambaye kofia ndiyo heshima yake, aitoe? Tukamwita mwizi, tukamwita muuaji. Matangani alituletea maji, na mimi, kwa mkono huu, nikayamwaga mchangani mbele yake.

Akahamia Kakuma.

Sally alikuwa na namba ya Estelle. Nikapiga, nikamuuliza alikoipata kofia.

“Mama, gari yetu iliharibika,” akasema. “Nilikuwa na mtoto mgongoni, jua inamukausha. Ule baba akavua kofia, akasema, funika yeye. Nilimutafutaka nirudishe. Uliposema unaenda na miguu, nikasema basi, irudie njia yake.”

“Na mtoto?”

“Anasoma sasa, mama.”

Nilikaa chini nikalia. Sally alinishikia mwavuli.

Kakuma, wenzangu walikwenda kanisani. Mimi nikapitiliza hadi kwa Lochakapong.

Aliitazama kofia. Kisha akaingia ndani, akaniletea maji.

“Nisamehe,” nikasema.

“Kunywa kwanza, Atiir.”

Nikanywa yote. Akachota mengine, akajaza kinywa, akaninyunyizia kichwani, vile wazee wanavyobariki.

Kofia nilimwachia. Anasema ameitundika ukutani, lakini kuna asubuhi anaikuta imelowa jasho, kana kwamba mtu ametembea nayo usiku.

Ukichagua kofia ya safari ndefu, angalia ukingo, angalia kamba. Na ukiambiwa marehemu alitenda wema, usikimbilie kumwita msemaji mwongo. Huenda aliyeupokea yuko sokoni, anakungoja.