Shimo la Penye Meko

Juu ya kijiji chetu cha Bihambwe kuna mabomoko ya nyumba ya mkoloni mmoja aliyefuga ng'ombe: kuta tatu na meko ya matofali. Tulikuwa tumejenga kibanda chetu humo humo. Nilipojifungua, Mama alizika kondo la nyuma la mtoto wangu penye meko, kama kwetu wanavyofanya, ili mtoto asisahau nyumbani.

Siku ya tatu waliingia watu wenye bunduki. Waliona udongo mbichi, wakaamini tumeficha dhahabu ya mzungu. Dhahabu gani, kwa watu wa kuuza maziwa? Wakamuuliza Papa, baba yangu. Kwetu mwanaume hatamki mambo ya uzazi mbele ya watu, basi alinyamaza, nao wakaona anaficha. Walimvunja mkono kwa kitako cha bunduki. Nikapiga kelele kutoka kitandani, "Iko kondo ya mutoto wangu!" Wakanipiga teke la mdomo, wakampa Papa jembe. Kilichotoka walikikanyaga kwa buti, wakaondoka na ng'ombe wetu wote.

Mwaka huu alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu na mita yake. Alisema Ulaya wanatunza hata mabomoko ya mashamba ya Warumi wa kale, kwa nini sisi tusitunze haya. Akapima lile shimo la penye meko, akauliza kwa upole:

"Mama, hii shimo nani aliichimba?"

"Papa yangu."

"Peke yake?"

"Kwa mukono moja. Ule mwingine walikuwa wameshauvunja. Andika."