Pampu ya Mke wa Fundi

Bahati ya Mama Miche ilikuwa ya kuchekesha: ameolewa na fundi wa injini ndogo, na pampu yake mwenyewe ya maji leo ni siku ya tano imelala. Ukiiwasha inakohoa mara mbili, inazima. Kila alipomwambia mumewe, jibu lilikuwa moja: "Kesho, mama watoto." Na huko kibandani kwake, ng'ambo ya barabara, majirani walikuwa wakipokewa mpaka na mashine zao za kukatia nyasi.

Jumamosi shule ingekuja kuchukua miche mia tatu kwenye kitalu chake, na miche yenyewe ilishaanza kuinamisha vichwa. Kwa ndoo angechota mpaka mgongo ukatike, na asingefika nusu. Aifungue mwenyewe kabureta, ile sehemu ya injini inayochanganya petroli na hewa? Mwaka juzi alifungua pasi, akairudishia, skrubu moja ikabaki mkononi, na nyumba nzima ikamcheka mpaka ikachoka. Ampelekee fundi mwingine? Thubutu! Hiyo ingekuwa kumvua mumewe nguo hadharani.

"Potelea mbali," alisema. Akaweka sinia kwenye meza ya jikoni, akakaa kitako kuifungua kabureta, akaipiga picha kwa simu kila alipolegeza skrubu. Safari hii hakutaka masalia.

Ajabu, ndani kulikuwa kumeshaoshwa. Bakuli linang'aa, raba mpya, skrubu zina mikwaruzo ya juzijuzi. Kumbe mumewe alishaifungua! Akachomoa jeti, kile kipande cha shaba chenye kitundu chembamba cha kupitisha petroli, akaielekeza dirishani. Hakuna mwanga uliopita. Kitundu kimeziba kabisa. Fundi wa miaka ishirini kazini hawezi kukiacha hivyo, isipokuwa kama hakioni.

Mama Miche akaketi. Kesho zote zile zilikuwa ni macho. Alimwonea huruma, na hasira zikampanda vilevile, maana mtu mnalala kitanda kimoja halafu anakuficha jambo kama hilo.

Akachomoa uzi mmoja kwenye kipande cha waya wa umeme, akazibua, akapuliza, akafunga kwa kufuata picha. Alipovuta kamba mara ya tatu, pampu ikanguruma na kuendelea kunguruma. Mumewe akavuka barabara mbio, spana mkononi.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi."

Akaitazama pampu, akamtazama mkewe. "Kile kitundu... ulikiona?"

"Nilikiona, baba watoto. Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba umeolewa na fundi asiyeona?" Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Akawa anafuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono yenyewe haikuwa na grisi. "Ukimaliza kumwagilia, njoo kibandani. Kuna kabureta nne za watu. Nimezifungua zote, sijui nifanyeje."