Bampa jipya, mgomba na jani la sale

Jamani, nimevunja bampa la kaka. Lilikuwa na saa mbili tu garini.

Mnalijua lile gari lake la spoti la zamani. Bampa la mbele kalitafuta mwaka mzima, fundi wa Majengo akalifunga leo asubuhi, naye akapanda nalo Masama kuwaonyesha wazazi.

(Mama kauliza kama linabeba majani ya ng'ombe.)

Alipoingia ndani kula, nikalisogeza gari kidogo ili toroli lipite.

Nikagonga mgomba.

Mgomba mzima. Bampa vipande viwili.

Nikakimbilia mpakani kuchuma jani la sale, mmea uliopandwa kuonyesha shamba letu linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi. Kwetu Wachagga, ukiombwa msamaha kwa sale, hukatai.

"Kaka, nisamehe."

Akaangalia jani. Akaangalia bampa.

Baba akakohoa. "Pokea."

Akapokea, kauma meno. Kisha akachukua panga, akafyeka masale yote ya mpakani ili nisipate jingine tena, akamtupia ng'ombe.

Sasa jirani yuko getini anafoka: nani kafuta mpaka?

Jani limebaki moja tu, lile nililompa. Kaka anamwendea nalo jirani, kalishika kwa mikono miwili.

Hata bampa hakulibeba hivyo.