Wanangu Wamenifungulia Mirathi na Mimi Bado Niko Hai

Admin, naomba uniwekee hili kwenye ukurasa wako ila jina langu usilitaje, Ifakara tunajuana. Majina ya wanangu nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, naishi mtaa wa Viwanja Sitini. Mume wangu alifariki watoto wakiwa bado shule ya msingi. Nimewalea kwa kulima mpunga Idete na kuuza mchele sokoni. Ni wawili tu: Deo, mkubwa, na Salome, kitinda mimba wangu, aliyeolewa Lumemo.

Mwaka juzi presha ilinilaza nikaogopa. Sikutaka nife niwaache wanagombana kama ndugu wa mume wangu walivyogombana na mimi. Nikaandika wosia. Shamba la Idete la Deo, nyumba ya Salome. Mashahidi wakasaini, nikawaita wanangu nikawasomea mwenyewe sebuleni. Salome alilia, akasema, "Mama, hata usiyaseme haya mambo." Deo aliuliza tu, "Kwa hiyo shamba ni langu?" Nikamjibu, "Ni lako nikishaondoka."

Baadaye Deo akapata mtu anayelitaka lile shamba. Akawa ananisumbua, mama tuuze, nikakataa, maana ndilo linalonilisha. Salome naye akasema amechoka kupanga, wahamie kwangu na mumewe, mimi nikae chumba cha uani. Nikamwambia mwanangu subiri kidogo. Sikuona ubaya, nikajua ni maneno ya mtoto kwa mama yake.

Mwaka huu nikateleza nikavunjika mguu. Dada yangu aliyeko Malinyi akaja kunichukua anitunze. Wanangu walikuwa wanapiga simu. Salome ndiye usiseme: "Mama umekula? Mguu unaendeleaje? Usiharakishe kurudi, wewe pumzika tu huko." Nilikuwa namsifia mbele ya dada yangu mpaka anachoka kunisikiliza.

Siku moja akapiga mama mmoja wa jumuiya yetu, nimwite Mama Fidea. Nikapokea, haloo. Akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, sijui naongea na nani. Nilitaka kumpa pole aliyebaki na simu ya marehemu."

"Mama Fidea, marehemu gani? Ni mimi."

Alipiga yowe, simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa analia. Alikwenda mahakama ya mwanzo kwa shauri lake, akakuta ubaoni tangazo la mirathi. Majina yangu yote matatu, mbele yake wameandika marehemu. Mwombaji ni Deo.

Nikapanda basi na magongo yangu. Sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja mahakamani. Karani, binti mdogo, akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama. Wewe ni nani wa marehemu?" Nikasema mimi ni ndugu. Sijui kwa nini nilidanganya, nadhani nilitaka nione kwanza kwa macho yangu. Akafungua faili. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasema nilifia Malinyi na nikazikwa huko huko. Wosia wangu umeambatanishwa. Waliosaini ni Deo, shemeji yangu mdogo wake marehemu mume wangu, na Salome. Mwandiko wa Salome siwezi kuusahau, ni mimi niliyemshika mkono akajifunza kuandika.

Nilipofika nyumbani nikakuta mapazia si yangu. Kitanda changu kimesimamishwa barazani, kimeegemezwa ukutani. Salome alikuwa anaosha vyombo. Aliponiona hakupiga hata kelele. Akasema, "Mama, mbona hukusema kama unakuja?"

Nikamuuliza, "Salome, mimi nimekufa?"

Akainama, akampigia kaka yake. Deo alikuja hata hakukaa. Akasema, "Mama, hakuna aliyekuibia. Wosia ni wako, umeandika mwenyewe, hatujabadilisha hata neno moja. Shamba langu, nyumba ya Salome. Sisi tumewahisha tu."

"Mmewahisha nini?"

"Mnunuzi hasubiri, mama. Mwaka juzi tulijua unaondoka, ukapona. Tungekusubiri mpaka lini?"

Nilimgeukia Salome nikitegemea atamkemea kaka yake. Akasema, "Lakini mama, si unatunzwa vizuri kwa mama mkubwa? Ungebaki tu huko, nani angejua?"

Admin, mguu wangu ulipovunjika niliusikia mlio wake. Haukuuma kama hilo neno.

Jioni akaja shemeji yangu. Hakuomba msamaha. Alisema, "Shemeji, ukienda kule ukasema uko hai, hawa watoto wanafungwa. Kughushi ni jela. Salome ana mimba, utawalea wajukuu na magongo? Rudi Malinyi, ikivunwa tutakuletea mchele." Mchele wa shamba langu, wanilishe mimi kama ombaomba!

Niliondoka, niko kwa Mama Fidea. Deo hajanitafuta. Salome ametuma ujumbe mmoja tu: "Mama ukitufunga, ujue utakuwa umetuzika wote wawili tukiwa hai." Nimeusoma mpaka macho yamevimba. Yeye alinizika akaendelea kunipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Shauri linasikilizwa wiki ijayo. Mama Fidea anasema niende na kitambulisho changu, nisimame pale mbele, wafungwe wakajifunze. Dada yangu anasema mtoto hafungwi na mama yake. Mimi nina hasira ya kuwafunga na sina moyo wa kuwaona wamefungwa, naumwa vyote viwili.

Wenzangu mliozaa, na ninyi mnaojua sheria, nawaomba mnishauri bila kunitukania wanangu. Hakimu akilitaja jina la marehemu, niitike, au ninyamaze ili wanangu wapone?