Emlyn Minyororo

Mtaani kwetu Swansea, mji wa bandari huko Wales, ambako kina Jones na kina Davies ni wengi mno, mtu hupewa jina la pili kutokana na kazi yake au mazoea yake, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Tulikuwa na Jones Maziwa, tukawa na Davies Kengele. Emlyn Prosser hakuwa na wa kuchanganywa naye, lakini hata hivyo tulimwita Emlyn Minyororo, kwa jinsi alivyoifunga pikipiki yake.

Nyumba zetu zimepandana mlimani kama ngazi, ukuta kwa ukuta, wala hakuna uchochoro wa kupitishia chombo kwenda uani. Chochote chenye magurudumu hulala nje. Basi Emlyn, aliyekuwa fundi mitambo bandarini hadi alipostaafu, alichimba shimo chini ya dirisha lake, akamwaga zege, akazamisha ndani yake pete nene ya chuma. Kutoka katika pete hiyo mnyororo ulipita kwenye fremu na gurudumu la nyuma. Kamwe haukufungwa kwenye gurudumu la mbele peke yake, kwa kuwa hilo mwizi hulifungua upesi akaondoka na vilivyobaki. Aliukaza usiguse ardhi.

"Mnyororo ukilala chini," alizoea kusema, "umemwekea mwizi fuawe ya kupondea."

Hakuishia hapo. Alitia kufuli dogo kwenye diski ya breki ya gurudumu la mbele, kisha akafunika yote kwa turubai la kijivu lililofifia, lisilomtamanisha mtu.

"Emlyn Minyororo," watu walimtania wakipita, "mkeo naye umemfunga?"

"Yule ndiye aliyenifunga mimi."

Mkewe, Menna, alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye joto. Kila Jumapili baada ya ibada walipanda pikipiki kwenda kunywa chai ufukweni. Emlyn akiisha kuwasha injini, Menna, aliyekaa nyuma yake, alimpigapiga mgongoni na kuuliza neno moja tu.

"Kufuli?"

"Mfukoni."

Ndipo waliondoka. Lile kufuli la diski ni rahisi kulisahau, na anayeondoka nalo hafiki mbali. Gurudumu hujizungusha kidogo, likakwama, na dereva akatupwa. Kwa sababu hiyo wengi hufunga kamba ya rangi ya machungwa kutoka kwenye kufuli hadi kwenye usukani, iwakumbushe. Emlyn hakuitaka kamba hiyo maishani mwake.

Kisha Menna akaanza kusahau. Birika la chai lilionekana kabatini, katikati ya mashuka. Njia ya kwenda kanisani ikampotea. Mwishowe alipelekwa katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya mji, na huko majina yakamtoka moja baada ya jingine, hata sura ya mumewe nayo. Kitu kimoja hakikumtoka. Pikipiki ile ilikuwa ya zamani, na injini yake ilikohoa kikohozi kizito. Menna alipoisikia ikipanda kilima, aliinua kichwa na kuwaambia wauguzi, "Emlyn huyo." Naye Emlyn alipoingia na helmeti kwapani, alitambuliwa. Utambuzi huo ulidumu kwa muda wa kikombe cha chai, na Emlyn aliishi kwa ajili ya kikombe hicho.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Delyth, mwanamke mwenye miaka kama thelathini, aliyepeleka vifurushi kwa pikipiki. Majira ya kupukutika majani, pikipiki yake iliibwa. Wezi waliukata mnyororo kwa grenda mchana kweupe, na waliopita walidhani ni mafundi wa barabara. Tangu hapo Emlyn hakutulia. Alitoka kila mara kuushika mnyororo wake, kama mtu apimaye mapigo ya moyo ya mgonjwa.

"Bwana Prosser, utaumwa na baridi," Delyth alimwambia. "Ikiibwa utanunua nyingine."

"Wewe utanunua nyingine. Yangu ikienda, Menna hanijui tena."

"Pikipiki zote zinanguruma."

"Hazikohoi sawasawa."

Delyth aliingia ndani akatoka na kamba yake ya rangi ya machungwa, ambayo sasa haikuwa na kazi. "Basi chukua hii."

"Ya nini? Nina Menna."

Delyth aliikunja kamba akaitia mfukoni.

Jumapili moja kukapigwa simu kutoka nyumba ya wazee: Menna amekataa kula tangu jana yake. Emlyn alivua turubai, akafungua mnyororo, akawasha injini, akaondoka. Hakukuwa na mtu wa kumpigapiga mgongoni. Pikipiki haikumaliza hata urefu wa nyumba yake mwenyewe. Tulipotoka tulimkuta amelala barabarani, na lile kufuli linang'aa pale alipolifunga.

Nyonga ilivunjika. Hospitalini, Delyth alipoingia, hakuulizwa habari nyingine.

"Mnyororo umefungwa?"

"Umefungwa."

"Haukugusa chini?"

"Haukugusa, mkaidi wewe. Nyonga yako ndiyo iliyogusa."

Emlyn akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba hatapanda pikipiki tena.

Emlyn alipoweza kutembea kwa fimbo, Delyth alimshauri atangulie kwa basi akae na mkewe. Yeye angeleta pikipiki, Menna aisikie. Yaliyotokea tulisimuliwa nao wawili, Emlyn ya chumbani, na Delyth yale aliyoyasikia kwenye dirisha lililokuwa wazi kidogo.

Menna alikuwa akimtazama Emlyn kama mgeni asiyejua kuaga. Mara kikohozi kikasikika kilimani. Akainua kichwa, akajirekebisha nywele.

"Samahani, bwana," alimwambia kwa adabu. "Mume wangu amefika. Kiti hicho ni chake."

Emlyn akanyanyuka. Alitoka polepole kwa fimbo yake mpaka pale Delyth aliposimama, akanyoosha mkono, naye Delyth akampa helmeti. Akaibana kwapani, akarudi ndani.

Menna alimpokea mlangoni akitabasamu, kisha akautazama mfuko wa koti lake.

"Kufuli?"

Kufuli lilikuwa kwa Delyth, nje, na mfukoni hamkuwa na kitu ila tiketi ya basi.

"Mfukoni," alisema Emlyn.

Menna akampigapiga mgongoni, akamketisha kwenye kiti kilekile alikomwondoa.