Nyumba Moja ya Ulaya

Nilipokuwa mtoto, viatu vya baba mkubwa vilisikika kwenye ngazi kabla hatujamwona. Juzi niliona bendera ya Ulaya kwenye televisheni ya saluni, mtaani Overport ninakoishi sasa, nikanusa tena manukato yake ya Brussels.

"Ulaya sasa iko nyumba moja," baba mkubwa alisema siku ile. "Milango yote wazi."

Baba, mwenye harufu ya gundi ya kiwandani, alimcheka kaka yake, aliyemwita yaya. "Wazi kwa mabosi, yaya. Mfanyakazi anabaki jikoni."

"Wewe hukusoma. Huwezi kuelewa."

Sikujua bado kwamba baba aliacha shule ili kaka yake huyo asome. Nilidhani wanagombania vyumba vya nyumba hiyo ya Ulaya, nikavaa viatu, nikabeba mkoba tayari kuhamia.

"Chumba chetu kiko wapi?" nilimwuliza baba mkubwa.

Alitazama saa, akanipapasa kichwa, akatoka. Baba ndiye aliyefunga mlango, taratibu, mkono wake ukabaki kwenye kitasa.